Mawe ya Baba Chini ya Daraja

Misunkumilo, Mpanda
Julai 1996

Mdogo wangu Masele,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Mama anaamkaje siku hizi? Miguu bado inamvimba? Sisi huku tunapumua. Kifua kinanisumbua asubuhi tu.

Nilikwenda kwenye daraja la reli la mto Ugalla kuchukua ule udongo wa kaburi la baba, ambao mama anataka azikwe nao. Kwanza nikukumbushe, maana baba alipoondoka wewe ulikuwa bado mgongoni. Ile mihimili ya chuma ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa pale pale mtoni. Kazi ya baba ilikuwa kupasha moto ribiti, yaani misumari minene isiyo na ncha. Ikishakuwa nyekundu hupitishwa tunduni na kupondwa upande wa pili. Ikipoa inasinyaa na kuvibana vyuma. Ndiyo maana mpaka leo daraja limeshikamana. Baba mwenyewe hakuiona treni ikipita juu yake. Homa ilimmaliza kambini. Wenzake wa kutoka kwetu walimzika juu ya ukingo, kichwa kikielekea nyumbani, wakampangia mawe ili fisi wasimfukue.

Tangu nihamishiwe kufundisha huku, kila kiangazi nilikwenda kuyarudishia mawe yaliyoporomoka. Safari hii sikukuta hata moja. Mvua zilikula udongo kwenye mguu wa daraja, na vibarua wa mkandarasi mmoja wameujaza mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya. Nikamuuliza msimamizi wao ameyatoa wapi.

"Shikamoo, mzee. Hapo juu. Yalikuwa yamelundikwa tu, tukajua ni mabaki ya wajenzi."

"Yamelundikwa kwa urefu wa mtu aliyelala?"

Nikamweleza habari ya kaburi la baba na udongo niliofuata. Kibarua mmoja akacheka: "Mzee, si uchote popote? Udongo wote huo ni wa hapa hapa!"

Pale juu walishapasawazisha, wakapiga kambi yao. Nilizunguka katikati ya masufuria na nguo zao mpaka jua likageuka, nisiweze kusema baba yuko hapa au pale. Daraja lile lilichukua uhai wake. Sasa limerudi kuchukua na mawe yake. Na treni itapita, na abiria watakula mihogo yao dirishani.

Nisalimie shangazi anayemuuguza mama, shemeji yangu mama watoto, na mjomba fundi baiskeli. Nyie wote nawakumbuka.

Nakurudishia humu, kikiwa kitupu, kile kimfuko cha kaniki alichokishona mama kutilia udongo huo. Mpe mwenyewe, mkononi, umweleze kama nilivyokueleza. Najua utashawishika kuchota udongo hapo uani ukakijaza. Usifanye hivyo, Masele. Miaka yote hii amemngoja mtu wa kweli. Tusimzike na udongo wa uongo.

Kaka yako,
Mwalimu Kasanda