Kidonda cha Fisi na Kisahani cha Mtafiti

Njeri, niaje. Huku Kawangware tuko sawa, ila mguu wa mama yako umefura tena, na tangu asubuhi nazunguka nje ya maabara nikingoja majibu ya kipimo chake. Unauliza kama uache utafiti wa bakteria sugu uje kumuuguza.

Kile kidonda changu cha kuumwa na fisi, ambacho wenye wivu husema nilikatwa na bati la Soko la Toi, nilikimezea kila dawa ya dukani. Ndipo mtafiti mmoja Kibera akapanda bakteria wangu kwenye kisahani cha maabara pamoja na dawa hizo. Walistawi kando ya zote kama sukuma wiki shambani, isipokuwa moja.

"Anko, hii ndiyo itakuponya," akasema. Ikaniponya.

Baki huko. Mguu nitauosha mimi, hata mama yako, dada yangu, akinitukana.

Anko Kamau