Misuli ya Jabiri

Jumapili, 2 Novemba

Asubuhi nimebadilisha chakula cha seli, kama kawaida. Kimiminika cha zamani nje, kipya ndani. Nimezitazama kwa hadubini. Bado ni zile zile: changa, zimetawanyika, hakuna iliyoungana na mwenzake. Seli za misuli zisizotaka kuwa misuli. Wanjiku, mwenzangu wa maabara, anasema nimezikodolea macho mpaka zimeona haya.

Mchana nimetia dawa mpya kwenye nusu ya sahani za seli. Nusu nyingine nimeziacha hivyo hivyo, za kulinganishia.

Kichwa hakiko kazini. Mdogo wangu Jabiri jana ameshindwa kupanda ngazi za nyumbani kwake, mtaa wa Najma. Akakaa katikati ya ngazi, akajifanya anasoma simu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepita kwa Jabiri na wali wa nazi. Mkono wa kulia sasa hauinuki kupita bega. Ni ugonjwa wa misuli ule ule wa mjomba wetu. Nyuzi za misuli zinachanika, seli changa zinakuja kuziba, nazo zinazidi kupungua.

Akataka nimweleze ninachofanya kazini. Nikamwambia ndani ya seli changa kuna protini inayowasha jeni za misuli. Haifanyi kazi peke yake, inahitaji mshirika ndipo iishike DNA. Na kuna protini nyingine, kizuizi. Hiyo humkamata yule mshirika na kumng'ang'ania. Basi jeni zinabaki zimezimwa, seli inabaki changa. Kizuizi kikipungua, jeni zinawaka, seli zinaungana kuwa nyuzi.

Amekuwa dereva wa familia moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri wa mji huu wa ugenini, kwa miaka. Alielewa haraka.

"Kumbe ni breki."

"Ni breki."

"Na nyinyi mna dawa ya kuiachia."

Nikampakulia wali. Akaona jibu usoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Zimekubali. Sahani zenye dawa zimejaa nyuzi ndefu, zimelala pamoja kama ukili. Uzi mmoja ulicheza wenyewe chini ya hadubini. Wanjiku akaita chumba kizima: "Kujeni muone, hii kitu inapiga!" Dakta Lubna, mkuu wetu, alitabasamu, jambo la nadra. Ametaka kesho tuzijeruhi sahani zote, zenye dawa na zisizo na dawa, tuone zinavyojitengeneza.

Nimeenda chooni nimelia.

Jioni Jabiri kapiga simu. Majibu ya daktari yamefika kwa kafili wake, mwajiri anayemdhamini. Haruhusiwi tena kushika usukani. Anarudi Tanga kabla mwezi haujaisha. Hakulalamika. Alisema tu, "Dada, niwekee hata kidogo. Nikifa, nife nikijaribu."

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeiba.

Kichupa kimoja cha dawa, kutoka kwenye friza ya maabara. Sasa kiko kwenye friji yangu, nyuma ya chupa ya laban, maziwa ya mgando. Nilitoka nimekibana kifuani ndani ya mkoba, bila kumsalimia mtu. Mlinzi wa getini, kijana wa Kampala, aliniuliza kama naumwa.

Sijui kipimo cha mtu. Hakuna anayekijua. Dawa hii haijawahi kuingia hata kwa panya. Nayajua yote haya. Bado sijakitoa.

Mama kapiga simu, anauliza mwanawe anaendeleaje. Nimemwambia anaendelea vizuri. Najichukia.

Jabiri atakuja Jumapili baada ya magharibi. Nimemwambia aje.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikula. Nimefungua friji, nimefunga. Nimeswali, sikumbuki nilichosoma.

Jumapili, 16 Novemba

Nitaandika ovyo.

Tumefungua sahani zilizojeruhiwa. Zile zisizo na dawa, jeraha limeziba. Seli changa zimetambaa kutoka pembeni, zimejaza. Zile zenye dawa, zangu nzuri, jeraha liko wazi kama nilivyoliacha. Nyuzi zinakufa na hakuna wa kuziba. Hakuna changa iliyobaki hata moja. Zote ziligeuka misuli kwa pamoja, na seli ikishakuwa uzi haizai.

Wanjiku akasema polepole, "Tumemaliza stoo yote."

Kizuizi hakikuwa adui. Kilikuwa kinaweka akiba. Kinashika baadhi ya seli zisikue, ili misuli ikichanika pawe na wa kuitwa. Jabiri zimembakia chache. Ningezimaliza kwa mkono wangu.

Jioni Jabiri aliletwa na rafiki yake kwa gari. Alikuwa amenyoa. Alikunja mkono wa shati mwenyewe, taratibu, akaweka mkono mezani.

Nikamwambia hakuna dawa. Nikamweleza kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Akiba ya nini, dada, kama mwenye akiba mwenyewe anaisha?"

Nikamkunjulia mkono wa shati. 

Akasema mimi nimesomea misuli ya watu wengine. Akaondoka bila kuniaga. Nilimsikia kwenye korido akiburuta miguu, sikuthubutu kwenda kumshika.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekirudisha kichupa. Nimemwambia Dakta Lubna nilikichukua na nilitaka kumpa nani. Akaniuliza jina la mdogo wangu. Nikamtajia. Akaninyang'anya ufunguo wa friza. Hajanifukuza kazi. Kwa sasa.

Jabiri hapokei simu.

Jumatano, 19 Novemba

Ujumbe wa Jabiri, mstari mmoja: Tiketi ni Jumamosi. Ijumaa nipeleke baharini.

Ijumaa, 21 Novemba

Ufukwe wa Al Wakrah, baada ya swala. Upepo mzuri, familia nyingi, watoto wanapiga mpira. Tumekula samaki wa kukaanga. Nimemchambulia miiba, ameniachia nimchambulie.

Akauliza kama nitaendelea na zile seli. Nikasema ndiyo, nataka kujua breki ikiachiwa kidogo tu, na baadaye irudi, itakuwaje. Akafikiri.

"Endelea," akasema. "Lakini mama tumwambie. Nimechoka kuwa mzima kwenye simu."

Tukampigia pale pale. Mama alilia, kisha akauliza ndege inafika saa ngapi.

Jabiri akataka kuingiza miguu majini. Nilimvua viatu. Kuketi aliweza, kuinuka hakuweza, na mimi peke yangu sikumudu. Wanaume wawili waliokuwa wakipita wakaja, mmoja kila upande, wakamsimamisha. Hawakuuliza kitu. Aliwashukuru, akawatakia siku njema.

Ndani ya teksi alilala begani kwangu. Mzito. Bega likafa ganzi. Sikusogea.