Senti Uliyoifunga Kwenye Gramafoni

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na aibu, kwa sababu jana nilimwita mtu mwingine kwa jina lako.

Unaikumbuka siku baba alipoileta gramafoni ya betri hapa Arusha? Ulinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa sahani ya kwaya yenu ya kanisani, maana ndiyo pekee iliyo na sauti yako. Sindano ikauruka ubeti wako. Ukairudisha, ikaruka tena. Ukachukua senti kumi, ile yenye tundu, ukaifunga kwa uzi mweusi juu ya kichwa cha sindano.

"Huyu ni mbuzi wa kule kijijini Poli," ukasema. "Asipofungwa atakula shamba la watu."

Tulicheka mpaka baba akalalamika kwamba hasikii wimbo.

Sasa umelala kaburini Makumira, na baba ameoa tena. Mkewe anatoka Machame. Ni mpole, lakini sijawahi kumwita kitu chochote. Nikimhitaji hukohoa, au husogeza kiti. Baba alinikemea, "Huyu si ukuta. Mwite mama." Nikainama kwenye kitabu changu.

Tangu Pasaka sauti yako imekuwa ikikwaruza. Mwalimu wetu wa shule ya kati alinipa karatasi ya maelezo ya mashine kama yetu, nikaisoma kwa kamusi. Inasema mkono ukilemewa, sindano huichimba sahani. Ule unga mweusi niliokuwa nikiupuliza ulikuwa sahani yenyewe. Ulikuwa wewe, mama.

Jana alasiri niliweka bilauri ya maji juu ya mashine kuona kama imekaa sawa. Imekaa sawa. Ila kichwa cha sindano kilikuwa kimeinama upande, skrubu yake imelegea. Ndiyo maana iliruka, haikuhitaji uzito. Mke wa baba akaacha maharage aliyokuwa akichambua, akaja kutazama.

"Si uitoe tu hiyo senti?"

"Aliifunga mama."

Akarudisha mkono wake haraka. "Basi mimi siigusi. Fungua mwenyewe, taratibu."

Fundo lako lilikuwa gumu, nikalivuta kwa kucha. Mkono wa gramafoni ukayumba, nikaona sindano inakwenda kuvunjika, nikasema, "Mama, shika hapa!"

Akashika. Nikaitoa senti, nikakinyoosha kichwa cha sindano, nikakaza skrubu. Tukaweka sahani, nawe ukauimba ubeti wako wote.

Alisikiliza akiwa amesimama. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Baba yako hakuniambia kama aliimba hivi."

Nilikwenda kulia nyuma ya migomba. Nilikuwa nimefurahi, tena nimefurahi pamoja naye, na neno lile lilikuwa limenitoka kirahisi mno.

Leo asubuhi nilimwambia "Shikamoo," nikaishia hapo. "Marahaba," akajibu, akabaki na birika mkononi, akingoja neno lililobaki. Sikulisema. Nikaona aibu mbele yake pia.

Kesho nitalisema. Nimeona nikuombe ruhusa kwanza.

Pumzika, mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako.