Mtoto Nisiyemjua Yumo Kwenye Picha Zangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyuma ya cherehani na mlango wa duka nimeurudishia ili wateja wadhani nimetoka, nahitaji msaada wako na sijui nianzie wapi, maana nikisema kwamba yote yalianza na hesabu ya picha utacheka, hata mume wangu alicheka, lakini mwenzenu sina usingizi.

Mimi ni fundi wa nguo za kike. Kila gauni ninalomaliza nalipiga picha mbele na nyuma, na katikati ya magauni hayo zimo picha za wanangu wawili na za marehemu mama yangu. Simu yangu ya zamani ilipoanza kuzimika ovyo nilimpelekea fundi simu wa hapa mtaani ainunue anipe nyingine, nikamwambia ahakikishe amefuta vyangu vyote kabla hajamuuzia mtu, akasema, "Dada, hiyo niachie mimi," nami nikamwachia.

Simu mpya nilipoiwasha, picha zikaanza kushuka zenyewe kutoka kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwa kuwa nilikuwa naogopa kupoteza hata moja ya mama nikawa nalinganisha kila mara: simu inasema hivi, tableti ya watoto inasema vile, na akaunti yenyewe mtandaoni inasema zipo nyingi kuliko zote mbili. Nikarudi kwa fundi. Akanieleza taratibu kwamba hesabu hizo huwa hazilingani, simu moja inahesabu na video na nyingine haihesabu, kuna ambazo hazijamaliza kushuka, kuna zilizojirudia, nivute subira zitakaa sawa. Nikavuta subira. Badala ya kukaribiana zikazidi kuachana, kila siku akaunti inaongezeka picha moja au mbili, na mimi wiki hiyo cherehani ilikuwa mbovu, sikuwa nimepiga picha ya kitu chochote.

Ndipo nikaifungua akaunti na kutazama zile mpya kabisa, moja moja. Mshauri, nilikuta chumba nisichokijua. Kitanda cha chuma, ukuta wa kijani uliobanduka rangi, ndoo yenye mfuniko, na sakafuni amekaa mtoto wa kiume wa kama miaka sita, anaitazama kamera bila kucheka. Mguu wake mmoja umefungwa kwa kitambaa kinene kilichokunjwa, na ncha ya pili ya kitambaa imefungwa kwenye mguu wa kitanda.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikafungua inayofuata, ni yeye tena, kabadilishwa shati, mguu umefungwa. Na inayofuata. Zote ni za asubuhi, mwanga unaingia kwa dirisha lile lile, na katika moja ana jeraha bichi juu ya jicho ambalo kwenye picha ya kabla yake halikuwepo, na nikiwa bado nimeishika simu nikamsikia binti yangu sebuleni akiuliza, "Mama, huyu mtoto kwenye tableti ni nani?" Nilikwenda mbio nikampokonya, nikaifuta ile picha yenye jeraha ili wanangu wasiione, na sikufikiri, nakuapia sikufikiri, kwamba nikiifuta kwangu inafutika na kwa mwenye picha.

Kesho yake simu ikaita, namba ngeni. Nikasema haloo, kimya. Nikasema haloo ya pili, nikasikia mtu anapumua, kisha akakata. Ilinichukua mchana mzima kuelewa. Simu yangu ya zamani ameinunua mtu na akaunti yangu bado imo ndani, na kama mimi naziona picha zake basi na yeye anaziona zangu, anawaona wanangu na sare zao za shule, analiona duka langu na kile kibao cha nje chenye namba yangu kwa rangi nyekundu. Tangu hapo kila anayepita dirishani naangalia mikono yake ameshika simu gani. Watoto nawapeleka shule mwenyewe na kuwafuata mwenyewe. Mteja akisema "nilikuona jana," namuuliza wapi na saa ngapi.

Nikamweleza baba watoto. Akasema, "Si uitoe hiyo simu ya zamani kwenye akaunti yako? Hesabu zitalingana, tutapumzika."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani? Watoto wako wawili, hao hapo wanaandika homuweki."

Nikamwambia basi niende polisi. Akasema, "Ukienda wataanza na wewe. Watakuuliza picha za mtoto wa watu aliyefungwa kamba zinafanya nini kwenye simu yako. Utajibu nini?" Sikwenda.

Ile namba ikapiga mara ya pili, kimya. Mara ya tatu niliposema haloo nilisikia kwa nyuma kitu kinagonga, ko, ko, ko, kwa haraka, kama kisigino kinapiga sakafu ya mbao au ni kichwa, sitaki hata kulifikiria, na sauti ya mwanamke ikasema "mwanangu," si kwa kuniambia mimi, kisha simu ikakatika.

Baada ya hapo iliingia picha moja tu, imetikisika kama imepigwa kwa bahati mbaya. Kitanda hakina mtu. Kitambaa kiko sakafuni kimekatwa, na pembeni yake kuna kitu kimemwagika, sijui ni maji. Tangu juzi hakuna picha nyingine. Mshauri, nilikuwa naogopa hesabu ikipanda, na sasa imesimama ndiyo naogopa zaidi, naifungua kila nikimaliza pindo, naifungua nikiwa na pini mdomoni, haijasogea.

Fundi simu amenionyesha pa kubonyeza. Nikibonyeza, simu ile inatoka kwenye akaunti, mtu yule hatawaona tena wanangu, nami sitamwona tena yule mtoto, wala sitajua. Baba watoto ananiuliza kila jioni kama nimebonyeza. Nibonyeze? Namba yangu nimeiandika hapo chini, na nakuomba usilitaje jina langu.

Ni mimi, Fundi wa Magauni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Usibonyeze kitu.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake ya kuchapwa. Nilikupigia asubuhi ile ile, na unakumbuka kwamba sikukubembeleza sana. Pole nilikupa, kwa sababu mama akihofia watoto wake hana kosa, na huyo mtu alikuwa anawaona kweli. Lakini pole ikaishia hapo. Ulimwona mtoto amefungwa, ukamwona tena, ukamwona ana jeraha, na ulichofanya ni kufuta picha. Ukifuta picha, jeraha linabaki palepale usoni. Na mumeo, mwambie nimesema, anajua kuhesabu watoto wake tu.

Nilikuambia uipigie ile namba, maana mtekaji hamwiti mateka wake "mwanangu". Ukasema huwezi. Nikakuambia nitabaki ofisini mpaka uweze. Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yako na ya mwanamke uliyempigia, kwa sababu wapo wasomaji wenye simu zilizouzwa na akaunti zikiwa ndani, na wapo wenye watoto waliofungwa.

Ulipiga, ikawa imezimwa. Ukapiga mpaka mchana, ikapokelewa. Ukasema wewe ni nani na simu yako uliiuza wapi. Yule mwanamke akakuuliza jambo moja tu: "Ni wewe uliyeifuta picha ya mwanangu?" Ukasema ndiyo. Akalia, nawe ukalia, na mtu wa tatu angewasikia angedhani mmefiwa. Hamkufiwa. Alikuwa wodini, simu haikuwa na chaji, na mtoto amelala kitandani kashonwa nyuzi kichwani.

Mtoto ana kifafa. Mama yake anasafisha ofisi za watu na hana wa kumwachia. Siku moja alimwacha huru, akarudi akamkuta ameangukia jiko la mkaa. Kuanzia hapo akawa anamfunga mbali na jiko, na kila asubuhi kabla ya kutoka anampiga picha, ili akiwa kazini aitazame na ajiambie kwamba alimwacha mzima. Picha moja ilipotoweka yenyewe alidhani kuna mtu anamwinda mwanawe. Namba yako aliisoma kwenye picha ya kibao cha duka, akakupigia akuulize, na kila ukisema haloo ulimi unamwia mzito, kwa kuwa angeuliza swali hilo ingebidi aseme na habari ya kamba. Mara ya tatu, amekwisha kumfunga na yuko tayari kutoka kazini, mtoto alianguka kifafa simu ikiwa sikioni. Jirani ndiye aliyekikata kitambaa kwa kisu.

Wewe ni fundi wa nguo. Kitambaa kile umekitazama mara ngapi? Kilikunjwa mara tatu na kuwekwa pamba ndani ili kisimchubue. Uliona kamba, hukuuona mkono ulioifunga. Sikulaumu sana. Mwenye hofu huona nusu.

Hata hivyo sitamsifu mama huyo, na yeye anasoma hapa. Dada, nyumba ikishika moto, aliyefungwa hakimbii. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na wewe kilio kilifika mlangoni kikageuka. Kifafa kina dawa. Ofisa wa ustawi wa jamii niliyemtuma wodini hakuja kukunyang'anya mtoto, amekuja kukutafutia mahali pa kumwacha mchana. Mjibu maswali yake yote, hata lile unaloliogopa.

Sasa turudi kwako, Fundi wa Magauni. Kwanza nenda wodini, na usiende mikono mitupu wala usiende na simu juu kama mpiga picha wa harusi. Kaeni wawili, mfungulie akaunti yake mwenyewe, zihamishe picha za mwanawe zote kwake, azione zimefika, ndipo uondoe akaunti yako kwenye simu ile na ubadilishe neno la siri. Ungebonyeza pale ulipoambiwa, huenda angebaki bila picha hata moja ya mtoto wake. Zilizobaki kwako zifute, na tableti ya watoto usiisahau. Usimtumie shoga yako, usimwonyeshe mteja. Ile uliyoifuta itafute kwenye zilizofutwa, huwa zinakaa humo kwa muda. Ofisa anaihitaji, daktari pia, kwa sababu inaonyesha siku aliyoanguka akapasuka juu ya jicho. Hesabu ikikataa kulingana baada ya hapo, fundi simu alisema kweli, ni video. Lakini huyo fundi mrudie, na umwambie mbele ya wateja wake alichokuachia.

Binti yako alikuuliza mtoto yule ni nani, na mpaka leo hujamjibu. Mjibu.

Mama wa mtoto ameniambia mwanawe anaruhusiwa kutoka Alhamisi, na yeye siku hiyo hana ruhusa kazini, akikosa anafukuzwa. Duka ni lako, hakuna wa kukufukuza. Funga duka Alhamisi, kweli kweli, si kwa kujificha nyuma ya cherehani. Waulize wauguzi dawa anakunywa saa ngapi, mara ngapi, na akianguka alazwe upande gani, urudie maelezo yao mpaka waseme umeelewa. Kisha mchukue mtoto, ukae naye dukani mpaka mama yake atoke kazini. Jiko liwe mbali, mkasi uwe juu, na mguu wake uwe wazi.