Bora Mia na Ishirini na Tano

Jumatatu, 4 Juni 1956

Kitabu cha vipuri kimefika! Kimetoka Ndola, ng'ambo ya mpaka, kimepita mikono mingi mpaka Tunduma na hatimaye hapa Iyula, pembe moja imelowa mafuta ya taa. Baba hakukifungua. Alinawa mikono kwanza, akanikabidhi mbele ya Mama. "Haya, msomaji. Hii ni kazi yako." Mama akasema hata maharage yanataka msomaji, yanaungua. Tulicheka wote.

Pikapu imekaa chini ya paa la mabanzi tangu Baba ainunue kwa yule Mzungu wa shamba la kahawa aliyerudi kwao. V8 ya mwaka thelathini na nane. Injini imechoka, inakunywa oili na kutoa moshi wa samawati. Sasa Chama cha wakulima kimetangaza: kahawa yetu ya mwaka huu itabebwa na gari litakalopanda kilima cha mtoni likiwa limejaa magunia, bila kusimama. Gwakisa wa Tukuyu ana lori. Sisi tuna chuma hiki. Baba anataka injini ijengwe upya, iwe na nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Nami nina langu. Mwalimu Kefa atapeleka jina moja tu la msichana kwa ajili ya sekondari ya Tabora. Moja! Ni mimi au Teresia. Teresia anaongea Kiingereza kwa sauti, mimi nakisoma kimya. Lakini Mwalimu Kefa ndiye pia katibu wa Chama. Akiiona pikapu imefika juu, akaambiwa vipuri vyake vilichaguliwa kwa kusoma kwangu — basi. Sitahitaji kupiga kelele.

Jumatano, 6 Juni 1956

Ukungu haukuondoka kutwa. Tumechagua, mimi na Baba, kitabu juu ya boneti.

Kabureta mbili au moja? Picha ya mbili inapendeza, kama macho ya bundi. Lakini petroli yetu inakuja kwa madebe, ina maji na kutu, na kitabu kinasema kabureta mbili zisipolingana injini inayumba. Baba: "Moja. Mpya." Kichwa cha injini cha aluminiamu, kinachobana zaidi? Kinaongeza nguvu, ila kinataka petroli safi. Kwa hii yetu, injini itagonga. Baba aliitazama ile picha muda mrefu, kama mtu anayemuaga mgeni. "Tuache."

Kisha pistoni. Hapo ndipo nguvu iliko. Silinda zimelika, lazima zichongwe ziwe pana, na pistoni mpya ziwe nene vilevile. Upana wa tundu la silinda Waingereza wanauita bore. Kitabu kimepanga: bore ya kuzidi thelathini, arobaini, sitini, mpaka mia na ishirini na tano. Ni sehemu za elfu za inchi — unywele! Ukichonga zaidi, nguvu zaidi. Ila ukuta kati ya silinda na maji ya kupozea unazidi kuwa mwembamba. Bloku yetu, lile pande la chuma lenye silinda, ilishachongwa zamani, na ina kutu ndani. Kitabu kinasema bloku ya namna hiyo isizidi arobaini. Nilirudia kusoma ili nisikosee.

"Arobaini," Baba akasema. "Umesikia, mama Ketrina? Binti yako anapima chuma kwa macho." 

Alisema hivyo. Naandika nisije nikadhani niliota.

Jumamosi, 9 Juni 1956

Mjomba Amoni amekuja kutoka Tunduma. Ni kaka yake Mama. Alifanya kazi Kopabeti, kwenye migodi ya shaba, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Yeye ndiye atakayeagiza vipuri ng'ambo ya mpaka, na ndiye atakayeendesha siku ya kilima. Baba akiwa naye hukalia ukingo wa kiti chake mwenyewe.

Mjomba alikichukua kitabu magotini mwangu. Hakuniomba. Akasoma kwa kidole, majirani wamejaa uani.

"Bo-re. Bo-re! Unaona, mulamu, shemeji yangu? Wameandika bora. Wazungu wamekosea herufi ya mwisho tu."

Nikasema bore ni upana wa tundu. Nilisema! Labda kwa sauti ndogo.

"Iwe, wewe mwana! Utanifundisha Kiswahili mimi?" Akaendelea kushuka na kidole. "Bora thelathini. Bora arobaini. Bora sitini. Bora mia na ishirini na tano. Sasa mulamu, mtu mzima mwenye ndevu anaagiza kitu mpaka Ndola, halafu anachukua bora ya chini?"

Watu walicheka, mmoja akapiga kofi ukutani. Nikasema tena, kitabu kinasema isizidi arobaini. Mjomba akasema arobaini ni umri wa mke wake, hata mwenyewe anakataa kuutaja. Kicheko kikaanza upya.

Baba naye alicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Alicheka, akanitazama, akaacha kunitazama.

"Mia na ishirini na tano," akasema.

Jumapili, 10 Juni 1956

Nilimfuata Baba njiani tulipotoka kanisani. Nilimweleza yote taratibu, ukuta, kutu, maji. Akanijibu Mjomba amefanya kazi na mashine zinazopasua milima. Mimi, akasema, nimeziona kwenye karatasi tu. Nikasema karatasi iliandikwa na waliozitengeneza. Akaongeza mwendo.

Alhamisi, 28 Juni 1956

Pistoni zimefika nane, kila moja ndani ya karatasi yake, zinang'aa. Nzuri — sitasema uongo. Niligusa moja. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Bloku imekwishachongwa Mbeya. Mjomba amerudi nayo leo na amepata hadithi mpya. Eti fundi aliigonga bloku kwa msumari, akasikiliza, akamwambia ukuta utabaki kama ganda la yai. "Nikamwambia, fundi, kuku hulalia mayai yake kila siku, umeona yakipasuka?" Uani walicheka tena. Wanacheka upesi sana watu wa Iyula.

Nilimtazama Baba. Nimejifunza kumtazama. Alikuwa anapangusa pistoni ambayo haikuwa na vumbi.

Jumanne, 10 Julai 1956

Imewaka!

Lazima niseme kweli: ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nzito, inaingia kifuani. Watoto walikimbia nyuma yake mpaka njia panda. Mama alipiga vigelegele huku ameshika mwiko. Mjomba alitoa kichwa dirishani, akanipigia kelele, "Msomi! Umeisikia bora?"

Niliisikia. Nikaona haya kwa kutamani ife. Halafu nikaona haya kwa kutamani isife, ili tu nami nipande pamoja na ushindi wao. Sijui ipi ni mbaya zaidi.

Darasani Teresia ameulizwa kuhusu Tabora. Mimi sijaulizwa. Mwalimu Kefa aliniambia tu, "Tutaonana Jumamosi kilimani, Ketrina. Nasikia mlitumia kitabu."

Jumamosi, 14 Julai 1956

Nilikaa na wanawake ukingoni mwa barabara. Baridi. Magunia yalipakiwa mpaka springi zikanyooka. Baba alisimama nyuma, juu ya mzigo, kofia mkononi.

Pikapu iliondoka vizuri. Ilipita daraja, ikaanza kupanda, na mlio ukawa ule ule wa Jumanne. Wanawake wakaanza kuimba. Ilipofika kwenye kona ya mikaratusi, moshi wa nyuma ukageuka mweupe. Kisha mweupe sana. Si moshi — mvuke. Injini ikakohoa, ikatulia. Gari likaanza kurudi nyuma! Wanaume wakakimbia na mawe, wakayasukuma chini ya magurudumu. Baba aliruka, akaanguka kwa goti.

Walichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kimepakwa kitu kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Ukuta umepasuka. Hakuna aliyelazimika kunieleza.

Lori la Gwakisa lilitupita. Alipiga honi mara moja tu, kwa adabu. Afadhali angetutukana.

Mwalimu Kefa aliinama juu ya injini, akauliza silinda zilichongwa kiasi gani, na nani alichagua. Mjomba alikuwa anapangusa mikono.

"Ni huyu msomi wenu," akasema, akaninyooshea kidole. "Ndiye aliyetusomea kitabu. Sisi tumefuata."

Watu wote waligeuka. Nilingoja Baba aseme. Alikuwa anafunga kitambaa gotini. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

Jumapili, 15 Julai 1956

Naandikia jikoni, juu ya pipa la unga. Wako uani: Mwalimu Kefa, wazee wawili wa Chama, Mjomba. Baba ameomba pikapu ipewe jaribio la pili ikipata injini nyingine. Wazee wanasema kwanza wajue kosa lilitoka wapi, wasije wakapakia kahawa ya watu kwenye gari la bahati nasibu. Mwalimu Kefa ametaka kitabu. Ametaka na mimi nije nieleze niliwaambia nini.

Baba aliingia hapa sasa hivi. Alisimama karibu na mlango, akiongea kama anaongea na mafiga.

"Sema ulichanganya namba."

Nikamwambia Mwalimu anajua Kiingereza, ataona imeandikwa arobaini.

"Ndiyo. Kwa hiyo utasema ulisoma haraka. Mjomba wako amesema atatutafutia injini Kitwe. Akiaibika mbele ya hawa, hatakanyaga tena hapa. Na sina mtu mwingine ng'ambo."

"Na Tabora, Baba?"

Goti lake limevimba, alikuwa ameegemea mguu mmoja.

"Aibu ya mtoto haikai," akasema. "Ya mtu mzima inazikwa naye."

Akatoka. Alikuwa anajua. Siku zote tangu Juni alikuwa anajua kwamba nilisoma sawasawa! Ningefurahi, kama ingekuwa siku nyingine.

Namsikia Mwalimu Kefa akifunua kurasa. Mjomba amesema kitu, wazee wamecheka kidogo. Sasa ananiita, kwa sauti ile ya darasani. "Ketrina. Njoo utuambie. Ulimwambia baba yako achonge kiasi gani?"

Mama ameacha kukoroga. Amenifuta unga kwenye kiwiko, amenigeuza uso uelekee mlangoni. Mjomba ni kaka yake, tumbo moja.

"Sema kwa sauti," ameninong'oneza.

Hakusema niseme nini.