Njia ya Kisu

Jumatatu, 8 Juni
Nimefunga karakana ya makochi saa kumi na moja. Nimetandaza ramani ya mlima juu ya meza ya kukatia vitambaa. Njia mbili za kumwendea mbuzi. Ya bondeni ni fupi, ina kivuli. Ya mgongoni ni ndefu, lakini upepo unatupiga usoni, hawatatunusa. Nimezikataa zote mbili. Zinanifikisha pa kupigia risasi. Hazinifikishi kwa mbuzi.

Jumatano, 10 Juni
Kombo, kaka wa mke wangu, amekuja kunicheka. Ati nimekuwa mhandisi wa barabara. Yeye anamtaka yule beberu mkubwa tu. Mbuzi wale walitoroka mazizini zamani, sasa ni wa porini kabisa. Mwenye shamba ametupa Jumamosi moja na bunduki moja. Mwezi ujao analeta helikopta, wapigwe risasi kutoka juu, wamalizwe wote.

Mimi nataka nisiisikie tena sauti ya mwaka jana. Nilisoma bismillahi, nikampiga jike, akaangukia kwenye ukingo wa jabali. Hakufa. Sikupata pa kupita nikamchinje. Alilia mpaka adhuhuri. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, 11 Juni
Nimeanza upya, kinyumenyume. Kwanza mahali atakapoangukia. Kisha hatua zangu na kisu mpaka hapo. Pa kusimama na bunduki, mwisho kabisa. Imebaki njia moja, ya mashariki, kupitia geti la zamani. Dakika kumi kumfikia, kwa magoti yangu haya.

Kombo kapiga simu: "Eish, shemeji, unawinda au unajenga?" Nimemkatia.

Ijumaa, 12 Juni
Kisu kimenolewa. Kamba ipo. Baada ya swala ya Ijumaa nimemtaka Kombo aahidi mbele ya dada yake, Zuhura: pasipo njia, hakuna risasi. Ameahidi huku anachezea simu.

Jumamosi, 13 Juni
Geti la zamani halipo. Seng'enge mpya, ndefu, mpaka kwenye genge. Ramani niliikodolea macho wiki nzima, mwenye shamba sikumuuliza. Mjinga mimi. Dakika kumi zimekuwa nusu saa.

Saa mbili asubuhi beberu akatokea. Ndevu mpaka kifuani. Akasimama kwenye ukingo uleule wa mwaka jana. Bunduki ninayo mimi. Nilimtaka, wallahi nilimtaka. Kombo ananong'ona, "Piga, shemeji! Piga!" Nikaitoa risasi bundukini, nikaitia mfukoni. Beberu akatutazama, akaenda zake.

Kombo akabamiza mlango wa gari. Tuliposimama kwenye taa nyekundu ya robot ya kwanza ya mjini akasema, "Ulivyonoa kile kisu!" Basi.

Jumapili, 14 Juni
Maharage. Zuhura akaniongezea chapati.

Saa nne usiku Kombo kaingia bila hodi. Bado amenuna. Kumbe asubuhi amempigia mwenye shamba, kamuuliza seng'enge zote, moja moja. Akaziandika nyuma ya bahasha. Ameomba Jumamosi nyingine pia. Jibu bado.

Ameivuta ramani upande wake. Nilidhani ataanzia barabarani, kama kawaida yake. Akaweka kidole pale ukingoni, akaanza kurudi nyuma taratibu, anahesabu dakika. Nikamsogezea kalamu.