Somo Lililoandikwa Bila Kufundishwa

Gasenyi, Bujumbura
14 Julai 1995

Mpendwa kaka Mugisho,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi Jovithe, amepona malaria? Sisi tu wazima, Mungu asifiwe. Wiki hii risasi zimepungua na soko limefunguliwa.

Binti yako Nsimire amenipita urefu, na bado ananigombeza kwa kuzidisha chumvi. Lakini kaka, atarudia darasa la tano. Amekosa alama nne tu, na kosa ni langu mimi mwalimu wake.

Mwezi wa tatu, ville morte, ule mgomo wa kulazimisha watu wabaki ndani, ilifunga mji na shule kwa wiki tatu. Tuliporudi tukaambiwa mkaguzi anakuja. Nikaketi nikajaza daftari la matayarisho: tarehe, lengo, mazoezi, hesabu zote za nusu, robo na theluthi, kana kwamba nilizifundisha. Nilijiambia nitazifundisha baadaye. Mji ukafungwa tena. Mkaguzi aliusifu mwandiko wangu, nami kichwa kikavimba.

Kumbe mkurugenzi wa shule hutunga mtihani wa mwisho kutoka kwenye madaftari yetu. Maswali sita ya nusu na robo! Nsimire akainua mkono: "Madame, hii hatukusomaka." Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamjibu, "Tulisoma. Wewe ulikuwa unasinzia." Naona haya hata kuiandika. Wenzake walicheka, naye akaushusha mkono.

Juzi nilimfundisha jikoni kwa kukata viazi. Alielewa alasiri ileile. Akaniuliza, "Tantine, kumbe ni rahisi hivi? Nilisahau namna gani?" Nikajifanya natafuta kisu.

Leo asubuhi amenipa barua niitie humu. Anakuomba msamaha kwa kusinzia darasani. Kaka, nilishindwa. Nikamwambia yote. Aliichukua barua yake, kisha akauliza, "Na benzangu, utabaambia lini?" Walioanguka pamoja naye ni kumi na mmoja.

Nisamehe, kaka. Mtoto uliniamini naye, nami nikamfanya mwongo mbele ya darasa.

Nisalimie Jovithe na Adrien mdogo. Mungu awalinde huko mliko, na atukutanishe tungali hai.

Jumatatu nampelekea mkurugenzi lile daftari, hata kama atanifukuza. Naogopa sana. Nsimire amesema atanisindikiza, asimame mlangoni.

Dada yako akupendaye daima,
Dorothée